Nyoka Wawili wa Kijivu, Watoto wa Rangi ya Chungwa

Chukua nyoka wa mahindi wawili, dume na jike, wote wa kijivu na weusi, hawana hata tone la wekundu mwilini. Wapandishe. Jike atage, mayai yakae kwenye joto lake kwa miezi miwili hivi, kisha subiri. Anatoka wa kwanza: rangi ya chungwa. Wa pili: chungwa. Wa tatu, wa nne, hadi wa mwisho, wote wana mabaka mekundu kama nyoka wa porini ambaye hajawahi kukaa ndani ya sanduku la mtu. Mfugaji mgeni hapo huanza kumtazama vibaya dume wa sanduku la pili.

Mtoto wa nyoka ni nyoka, walisema wahenga, na hawakukosea. Ila methali haikuahidi lolote kuhusu rangi. Na hao makinda wa chungwa si ajabu wala si fumanizi. Ndivyo hesabu inavyotaka, mradi uhesabu kile ambacho wazazi wamekibeba, siyo kile unachokiona ukiinua kifuniko.

Tuanze na nyoka mwenyewe. Nyoka wa mahindi, Pantherophis guttatus kwa jina la kisayansi, ni mwenyeji wa kusini-mashariki mwa Marekani: Florida, Georgia, Carolina zote mbili na majimbo ya jirani. Mwanasayansi wa Uswidi, Linnaeus, ndiye aliyemwandika kwa jina la spishi mwaka 1766. Hana sumu, humnyonga panya kabla ya kummeza, na akikomaa huwa na urefu wa kati ya sentimita 90 na 150. Jina la mahindi wengine hulihusisha na maghala ambako alifuata panya, wengine na tumbo lake lenye miraba myeusi na myeupe inayofanana na punje za mahindi ya rangi mchanganyiko. Mgongoni ana mabaka mekundu yenye ukingo mweusi, juu ya ngozi ya chungwa, hudhurungi au kijivu.

Rangi hizo hazitoki kwenye kopo moja. Ngozini kuna seli za rangi za aina tatu. Zipo zinazotengeneza melanini, ndiyo weusi na hudhurungi. Zipo zinazohifadhi wekundu na umanjano. Na zipo zenye fuwele ndogo sana, ambazo hazipaki rangi yoyote bali huakisi mwanga. Ukiziba mfereji mmoja, mingine huendelea kutiririka kama kawaida. Nyoka asiye na melanini hubaki na wekundu, umanjano na weupe, na macho yake huwa mekundu. Wafugaji humwita amelanistiki, kwa kifupi ameli. Asiye na wekundu hubaki kijivu, mweusi na hudhurungi, naye ni anerithristiki, kwa kifupi aneri. Mambo mengi yanayofuata yamejengwa juu ya kuziba mifereji hii, mmoja au miwili au mitatu kwa pamoja.

Kila jeni ina viti viwili

Nyoka huyu ana kromosomu 36, yaani jozi 18. Katika kila jozi moja imetoka kwa mama na nyingine kwa baba. Kwa hiyo kila jeni ina viti viwili, na kila mzazi huleta mkaaji mmoja. Yai na mbegu hubeba mkaaji mmoja tu kati ya wawili alio nao mzazi, na uchaguzi wa nani aende ni kama kurusha sarafu. Wakaaji hao, yaani matoleo tofauti ya jeni moja, huitwa aleli. (Jinsia ya nyoka hawa huamuliwa na jike, kinyume na kwa binadamu, lakini jeni zote tutakazozitaja haziko kwenye kromosomu za jinsia, kwa hiyo dume na jike wana nafasi sawa ya kupata rangi yoyote.)

Ukiweka aleli ya kawaida kwenye kiti kimoja na ya ameli kwenye kingine, utapata nyoka wa rangi ya kawaida kabisa. Aleli ya ameli imo, lakini haionekani. Jeni ya namna hii huitwa fifi, na nyoka wa hivyo tumwite mbebaji. Ili ameli aonekane, viti vyote viwili lazima vikaliwe na aleli ya ameli.

Kwa nini iwe hivyo? Hapa ndipo mambo yanapoacha kuwa sheria ya kukariri. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha kwamba ameli wa nyoka wa mahindi anahusishwa na kipande cha DNA kilichojipenyeza ndani ya jeni iitwayo OCA2. Ni jeni ileile ambayo kwa binadamu hitilafu zake huleta aina mojawapo ya ualbino. Jeni ni kama maelekezo ya kutengeneza kitu, na kipande kile kimeyavuruga. Nyoka mwenye nakala moja iliyovurugika bado ana nakala nyingine nzima, na nakala moja nzima inatosha kutengeneza melanini ya kuonekana. Mwenye mbili zilizovurugika hana pa kusoma. Jeni fifi, mara nyingi, ni hiyo tu: kitu kilichoharibika ambacho mwenzake mzima anakifidia. Kundi hilohilo la Geneva, mwaka 2020, liliifuatilia rangi iitwayo lavenda, nyoka wa kijivu chenye zambarau, hadi kwenye jeni nyingine, LYST.

Ameli wa kwanza aliyeanzisha yote haya alikamatwa porini North Carolina mwaka 1953. Aliyemzalisha na kuthibitisha kwamba rangi yake hurithiwa kama jeni fifi alikuwa H. Bernard Bechtel, daktari wa magonjwa ya ngozi, ambaye alichapisha matokeo mwaka 1962. Napenda kwamba alikuwa daktari wa ngozi. Labda aliona kwa nyoka swali lilelile aliloliona kwa wagonjwa.

Turudi kwa wale wawili wa kijivu. Kosa la mfugaji wetu lilikuwa kudhani kwamba kijivu ni kitu kimoja. Mmoja wa wazazi alikuwa aneri. Mwingine alikuwa wa aina iitwayo makaa, ambaye naye hana wekundu, lakini kwa sababu ya jeni nyingine kabisa. Aneri alikuwa na aleli mbili mbovu kwenye viti vya aneri, ila viti vyake vya makaa vilikuwa salama. Yule wa makaa alikuwa kinyume chake. Kila mtoto akapata kutoka kwa mzazi mmoja kile ambacho mwingine alikikosa: aleli moja nzima ya aneri, aleli moja nzima ya makaa. Mifereji yote ikafunguka, wekundu ukarudi. Makinda wote ni wa chungwa na wote, bila kubakiza hata mmoja, ni wabebaji wa jeni zote mbili.

Kuzidisha badala ya kuchora

Ameli na aneri wakikutana katika nyoka mmoja, melanini haipo na wekundu haupo. Kinachobaki ni nyoka mweupe mwenye waridi na manjano hafifu, anayeitwa theluji. Ni rangi ya zamani na wajuzi wameizoea mno, lakini bado ndiyo mfano bora wa kujifunzia.

Chukua wazazi wawili wa rangi ya kawaida, kila mmoja mbebaji wa ameli na wa aneri. Vitabu vitakuchorea jedwali la Punnett, yaani la kupanga aleli za mama na za baba, lenye vyumba 16. Jedwali ni sahihi, lakini ukiongeza jeni ya tatu linakuwa na vyumba 64, na kufikia hapo watu wengi hukosea kujaza au huacha. Njia nyepesi ni kuishughulikia kila jeni peke yake, kisha kuzidisha. Mbebaji kwa mbebaji, nafasi ya mtoto kuwa ameli ni robo. Nafasi ya kuwa aneri ni robo. Theluji ni robo mara robo, yaani 1 kati ya 16. Ameli asiye aneri ni robo mara robo tatu, 3 kati ya 16. Aneri asiye ameli, vivyo hivyo 3. Waliobaki, 9, ni wa kawaida kwa macho.

Jaribu jozi ngumu kidogo. Jike ni ameli na ni mbebaji wa aneri. Dume ni aneri na ni mbebaji wa ameli. Na wote wawili ni wabebaji wa lavenda. Ameli: jike hutoa aleli ya ameli kila mara, dume nusu ya mara, basi nusu ya watoto ni ameli. Aneri: nusu, kwa sababu hiyohiyo. Lavenda: robo. Unataka opali, ambaye ni ameli na lavenda bila aneri? Nusu mara nusu mara robo, ni 1 kati ya 16. Unataka theluji asiye na lavenda? Nusu mara nusu mara robo tatu, ni 3 kati ya 16. Hukuchora chumba hata kimoja. Hesabu hii inadai kitu kimoja tu, kwamba jeni hizo zigawanywe kila moja kivyake, na kwa michanganyiko ya kawaida ya wafugaji hilo hufanya kazi vizuri.

Sasa neno kuhusu sehemu hizo za 16, kwani hapa ndipo machozi hutoka. Mtu anapata mayai 16 kutoka kwa wazazi wabebaji wa ameli na aneri, anaandaa sanduku la theluji wake mmoja, halafu theluji hatoki. Anahisi amedanganywa. Lakini yai halijui yai la jirani limepata nini. Kila moja linarusha sarafu zake upya. Hata ukiwa na mayai 20 yote yakaanguliwa, nafasi ya kutopata theluji hata mmoja ni 15/16 iliyozidishwa yenyewe mara 20, karibu asilimia 28. Zaidi ya robo ya uzao wa ukubwa huo utakuacha mikono mitupu, na hakuna aliyekosea popote. Upande wa pili, kuna atakayepata theluji watatu kwenye mayai 12 na kujiona ana mkono wa baraka. Sarafu tu hizo.

Ndiyo maana wafugaji wenye uzoefu hawaanzi na wabebaji wawili kama wanaweza kuepuka. Theluji akipandishwa na mbebaji wa jeni zote mbili, nafasi hupanda kutoka 1 kati ya 16 hadi 1 kati ya 4. Theluji kwa theluji, wote ni theluji.

Asilimia 66 ya nini?

Katika matangazo ya kuuza nyoka utakutana na maneno kama "kawaida, asilimia 66 mbebaji wa ameli". Sijui kama kuna namba inayoeleweka vibaya kuliko hiyo. Hakuna nyoka aliyebeba theluthi mbili za jeni. Amebeba au hajabeba. Asilimia ni kipimo cha kutojua kwetu.

Inatoka hapa: wabebaji wawili wakizaa, kwa wastani kati ya watoto wanne mmoja ni ameli, wawili ni wabebaji, mmoja hana kitu. Ameli unamwona kwa macho yake mekundu, unamtoa. Wanabaki watatu wanaofanana, wawili kati yao ni wabebaji. Ukimshika yeyote, nafasi ni mbili ya tatu. Kama ni mzazi mmoja tu aliyekuwa mbebaji na mwingine hana kabisa, nafasi ni asilimia 50.

Unajuaje basi? Mpandishe na ameli. Akitoka mtoto mmoja tu mwenye macho mekundu, kesi imefungwa: ni mbebaji. Asipotoka, huna uthibitisho, una shaka inayopungua. Mbebaji akipandishwa na ameli, kila mtoto ana nafasi ya nusu kuwa wa kawaida, kwa hiyo watoto watano wote kuwa wa kawaida hutokea mara 1 kati ya 32. Ukiiunganisha na ile theluthi mbili ya mwanzo, baada ya watoto watano wa kawaida nafasi ya kuwa mbebaji imeshuka hadi chini kidogo ya asilimia 6. Baada ya kumi, ni karibu asilimia 0.2. Hapo unaweza kumwita asiye mbebaji na ukalala usingizi. Siku hizi pia zipo maabara zinazopima baadhi ya jeni hizi kutoka kwenye gamba alilolivua nyoka, na kwa jeni wanazozipima jibu huja bila kusubiri msimu wa mayai.

Kipimo cha kupandisha kina mtego wake. Jike wa nyoka wa mahindi anaweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa muda mrefu na kuzitumia baadaye. Ukimpandisha na dume mwingine, usishangae baadhi ya watoto wakiwa wa yule wa zamani. Bila daftari la nani alikutana na nani na lini, hesabu zote za hapo juu ni mapambo.

Wagombea watatu, viti viwili

Mpaka sasa tumeongea kana kwamba kila jeni ina aleli mbili tu, nzima na mbovu. Kwenye viti vya ameli kuna mgombea wa tatu, aitwaye ultra. Aleli ya ultra hupunguza melanini bila kuiondoa. Nyoka mwenye ultra mbili huwa na weusi uliofifia. Mwenye ultra moja na ya kawaida moja huonekana wa kawaida. Lakini mwenye ultra moja na ameli moja, ultrameli, huwa wa katikati, mwenye rangi laini ya chungwa na ukingo wa kijivu hafifu. Hapa hakuna anayemfunika mwenzake.

Matokeo yake huwachanganya watu. Ultrameli kwa ultrameli hawazai ultrameli watupu: robo ni ultra, nusu ultrameli, robo ameli. Ukitaka uzao mzima uwe wa ultrameli, mpandishe ultra na ameli, wazazi wasiofanana na watoto wao hata mmoja. Na usiseme nyoka mwenye ultra mbili ni mbebaji wa ameli. Viti vimejaa, hakuna pa kumweka wa tatu.

Michoro nayo ina yake. Motli, ambaye mabaka yake huungana na kuacha vidoa vya mviringo mgongoni, na nyoka wa mistari, ambaye mabaka yamenyooka kuwa mistari, ni aleli za jeni moja. Motli humfunika wa mistari. Kwa hiyo motli mwenye aleli ya mistari akikutana na mwenzake wa namna hiyo, robo ya watoto huwa na mistari iliyonyooka, na mwenye nyoka hushangaa imetoka wapi. Tesera ni hadithi tofauti: ni jeni tawala, aleli moja inatosha kumpa mtoto mstari mwembamba mgongoni na vipande vilivyotawanyika ubavuni. Tesera mwenye aleli moja akipandishwa na yeyote wa kawaida, nusu ya watoto ni tesera, na asiyeonekana tesera hana cha kuficha. Hakuna "mbebaji wa tesera", na anayekuuzia mmoja ama hajui ama anajua sana.

Kuna majina ambayo hayana jeni nyuma yake kabisa, angalau si jeni moja. Okeetee ni jina la eneo la uwindaji huko South Carolina, ambako nyoka wana mabaka mekundu yaliyozungukwa na ukingo mweusi mpana. Miami ni nyoka wa ngozi ya kijivu na mabaka ya chungwa. Sifa hizi zimejengwa kwa kuchagua wazazi bora kizazi baada ya kizazi, jeni nyingi ndogondogo zikisukuma upande mmoja. Kwa hizo weka kalamu chini. Okeetee mzuri akipandishwa na nyoka asiye na ukoo huo, watoto hutoka wa katikati, na hakuna jedwali litakalokuambia wa katikati kiasi gani.

Umri nao hudanganya. Kinda wa kawaida huanguliwa akiwa na rangi iliyopoa, chungwa na wekundu wake bado hafifu, nao hukolea miezi ikipita. Aneri wengi hupata umanjano shingoni wakikua. Anayetaja rangi ya mwisho ya kinda wa wiki mbili anabahatisha, hata kama huwa anapatia.

Kabla ya rangi kuna mwili. Jike asipandishwe kabla ya kufikisha miaka mitatu au karibu na hapo, gramu 300 na zaidi, na akiwa ameshiba vizuri. Jike mdogo anaweza kukwama na yai na kufa. Wafugaji wengi huwapitisha kwenye baridi ya miezi miwili au mitatu kabla ya majira ya kupandana. Mayai, kwa kawaida kati ya 10 na 20, huwekwa penye unyevu na joto la nyuzi 27 hadi 29, na makinda hutoka baada ya siku 60 hivi. Na ipo jeni fifi moja isiyo ya rangi, iliyojitokeza kwenye koo za rangi iitwayo "aliyebusiwa na jua". Kinda mwenye aleli zake mbili hushindwa kuuweka mwili sawa. Kichwa hupanda juu, ndiyo maana wafugaji humwita "mtazamanyota", na huviringika akijaribu kutembea. Mbebaji wake ni mzima kabisa wa kuonekana. Hesabu yake ni ileile ya ameli, robo kwa wabebaji wawili, na kwa maoni yangu ndiyo jeni ya kwanza mtu wa koo hizo anapaswa kuipima kabla ya kuota rangi yoyote.

Wale makinda wa chungwa wa mwanzo, sasa. Wamekua, na umempata dume na jike wasio ndugu, kila mmoja kutoka jozi yake ya aneri na makaa. Zidisha: robo tatu mara robo tatu, 9 kati ya 16 watakuwa wa chungwa. Saba waliobaki ni wa kijivu, lakini si wa aina moja: watatu aneri, watatu makaa, mmoja ana vyote viwili. Wakiwa wadogo wanafanana. Wakikua, umanjano wa shingoni utawataja aneri wengi. Yule mmoja wa vyote viwili atabaki amechanganyika na makaa, hadi siku utakapompandisha na aneri na kuona kwamba safari hii hakuna hata kinda mmoja wa chungwa.